ULEVI WA ASUBUHI KATIKA BARABARA YA KAHAMA

Mlevi apepesukaye saa nne za usiku mbele ya kilabu hana haja ya kuelezwa na gazeti. Kila apitaye amwona. Wenziwe humnyang'anya funguo, watoto humcheka, na mara nyingi hata yeye mwenyewe, maadamu akili ingalipo kidogo, hukubali kushikwa mkono na kupelekwa nyumbani. Nia yetu leo ni kusema habari ya mlevi wa namna nyingine. Huyu amekwisha kulala, amekwisha kuoga, amevaa shati safi na kunywa supu ya moto, na sasa apanda gari lake alfajiri akijiona mzima kama siku zote. Hapepesuki wala haongei ovyo. Huyo ndiye tunayemhofia zaidi katika mji wa Kahama, na twataka kuonyesha kwa hesabu kwa nini twamhofia, na jinsi sheria ya nchi imwonavyo.

Tumechagua Kahama kwa sababu. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Dodoma, Singida na Nzega yapita hapo ikielekea Ushirombo na Lusahunga, na mbele yake mipaka ya Rwanda na Burundi. Jirani pana Isaka, bandari ya nchi kavu, ambako shehena zilizokuja kwa reli hupakiwa katika malori. Kaskazini kuna njia ya Kakola na Geita, yaani njia ya dhahabu. Mgodi wa Buzwagi, uliokuwa mlangoni mwa mji, ulifunga kazi mwaka 2021, mwaka ule ule Kahama ilipopewa hadhi ya manispaa. Lakini Bulyanhulu ungali unachimbwa, na wachimbaji wadogo wametapakaa pande zote. Ongeza juu ya hayo mashine za kukoboa mpunga, ambazo malori yake hayana usiku wala mchana wakati wa mavuno. Mji wa namna hii una magari mengi, una wageni wengi, na una fedha ambayo haingoji mwisho wa mwezi. Mshahara huja kwa tarehe, nayo dhahabu huja siku iliyopenda yenyewe, na ikija usiku wa Jumanne basi Jumanne hiyo ndiyo sikukuu.

Jioni malori husimama safu kando ya barabara. Utingo huinjika sufuria, dereva hunyoosha miguu, na hatua chache kutoka hapo zipo nyama choma, bia baridi na muziki. Hatulaumu. Mtu aliyeshika usukani tangu alfajiri ana haki ya kula na kupumzika, na sisi si wahubiri wa kumkataza mtu mzima kinywaji chake. Katika safu hiyo tulipata kuzungumza na dereva mmoja wa makamo, mtu mwenye adabu na mjuzi wa kazi yake, aliyeanza kuendesha malori kabla ya wengi wa wasomaji wetu kuzaliwa. Tulimwuliza, "Mzee wetu, mwaondoka saa ngapi?" Akajibu, "Saa kumi na moja alfajiri, wanangu, Mungu akipenda." Mezani pake palikuwa na chupa nne tupu na ya tano ilikuwa mkononi. Tulipomtazama chupa zile, alitambua, akacheka. "Nitalala," akasema. "Nikilala, inakwisha."

Neno hilo, "nikilala, inakwisha," ndilo lililotufanya tushike kalamu. Twaliamini wengi wetu. Tumelisikia kwa madereva wa mabasi, kwa mafundi wa mitambo, kwa vijana wa bodaboda, na twakiri kwamba sisi wenyewe tulipata kulisema. Nalo si kweli.

Tufanye hesabu pamoja. Chupa moja ya bia ya nusu lita, yenye nguvu ya asilimia 5, ina kiasi cha gramu 20 za kileo halisi. Mtu mume mwenye uzito wa kilo 70 akiinywa, kileo hicho huenea katika maji ya mwili wake na kuipandisha damu yake kwa takriban miligramu 40 katika kila mililita 100. Kazi ya kukiondoa karibu yote ni ya ini, na ini ni mfanyakazi asiyekubali kuharakishwa: huondoa kiasi cha miligramu 15 kwa saa, huyu zaidi kidogo, yule pungufu kidogo. Basi chupa moja yataka karibu saa tatu kamili kutoka mwilini. Chupa tano zataka saa kumi na tatu na zaidi. Mzee wetu alianza kunywa saa moja jioni. Hata angelala usingizi wa mtoto mchanga, saa kumi na moja alfajiri atakapowasha injini, ini lake litakuwa limefanya kazi kwa saa kumi tu na kuondoa miligramu 150 katika zile 200. Damu yake itakuwa ingali na 50, na haitakuwa safi mpaka yapata saa mbili na nusu asubuhi.

Na je, kama badala ya tano angekunywa saba? Alfajiri hiyo angekuwa na miligramu 130, na kileo cha mwisho kingemtoka mchana, yapata saa nane kasorobo, wakati lori limekwisha kupita vijiji vingi vyenye watoto watokao shule.

Hesabu hii ni ya wastani. Mwenye mwili mdogo hupanda zaidi kwa chupa ile ile. Mwanamke aghalabu hupanda kumshinda mwanamume wa uzito sawa naye, kwa kuwa maji ya mwili wake ni machache zaidi. Aliyekula ugali na nyama kwanza, kileo humwingia polepole, na hapo ndipo watu wadanganyikapo wakadhani chakula kimekinyonya. Chakula hukichelewesha tu mlangoni. Ama pombe za kienyeji, ni nani awezaye kuzipigia hesabu? Chupa ya kiwandani imeandikwa nguvu yake. Kopo la pombe ya nyumbani halikuandikwa kitu, na la leo si sawa na la jana. Gongo ndiyo kabisa. Mbali ya kuwa imekatazwa na sheria, mnywaji hajui kama amekunywa kileo kiasi gani, wala kama ni kileo kinachonyweka.

Sasa twaja kwenye supu. Katika miji yetu yote mtu aliyekesha akinywa huamka akatafuta supu, au kahawa nzito, au limau, au hujimwagia maji ya baridi kichwani. Vitu hivi vyote ni vizuri. Supu humrudishia mtu maji na chumvi, kahawa humfumbua macho, na maji ya baridi humwamsha. Lakini hakuna hata kimoja kinachokwenda kulisaidia ini kazi yake. Walichofanya ni kumchukua mlevi mwenye usingizi na kumfanya mlevi aliye macho. Na kibaya kupita vyote ni kuzimua. Mwenye kuzimua hunywa chupa moja asubuhi ili kichwa kitulie, na kweli kichwa hutulia, kwani amelipa deni la jana kwa kukopa tena. Akiingia barabarani baada ya hapo, huongeza miligramu 40 mpya juu ya masalio ya usiku.

Pengine msomaji atauliza: hizo 50 zilizosalia zina ubaya gani, ikiwa mtu asema vizuri na atembea wima? Ubaya wake hauonekani katika kutembea. Huonekana katika kitu kidogo sana kiitwacho muda. Lori liendalo kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu ulioruhusiwa kwa magari makubwa katika nchi hii, hupita mita 22 kila sekunde. Dereva mwenye akili iliyotulia huona mbuzi, au mtoto, au baiskeli iliyobeba gunia la mpunga, na mguu wake ukafika kwenye breki. Kileo humcheleweshea mguu huo. Akichelewa nusu sekunde tu, lori limekwisha kula mita 11 kabla breki haijaguswa. Mita 11 ni upana wa barabara na bado pana masalio. Na mchelewo huo huongezeka mtu akiwa hakulala vya kutosha, kwani kileo kidogo na usingizi mchache vikikutana katika mwili mmoja hufanya kazi kama mapacha. Tena usingizi wa mtu aliyekunywa ni wa vipande vipande, haumpumzishi. Hapo twakumbuka vilevile kwamba magari mengi ya shehena huondoka alfajiri, saa ambayo mwili wa binadamu, hata wa asiyekunywa, watamani kulala.

Wakazi wa Kahama hawana haja ya kuelezwa na sisi jinsi ajali inavyofanana. Mwezi Agosti mwaka 2022, katika barabara hiyo hiyo, ajali moja ya usiku iliyohusisha lori, trekta na magari madogo iliua watu zaidi ya 15. Hatusemi kwamba pombe ndiyo iliyosababisha; hatumshtaki maiti wala aliye hai. Twaitaja kwa sababu yaonyesha jinsi kosa la sekunde chache katika barabara nyembamba yenye malori linavyomaliza jamaa kadhaa kwa mara moja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2016 watu waliokufa barabarani katika Tanzania walikuwa kama 16,000, hali hesabu iliyopokewa rasmi ilikuwa 3,256. Tofauti ya hesabu hizo mbili yatosha kutufanya tujue kwamba wengi huzikwa bila kuandikwa popote.

Basi sheria yasemaje? Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yafanya makosa mawili ambayo watu huyachanganya. Kosa la kwanza, katika kifungu cha 44, ni kuendesha gari hali umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu ipasavyo. Hapo shahidi aweza kuwa askari aliyekuona ukiyumba, au mwananchi aliyesikia maneno yako. Kosa la pili, katika kifungu kinachofuata, halimwulizi mtu kama alilewa. Lahesabu tu. Kiwango ni miligramu 80 katika mililita 100 za damu, kiwango kile kile walichokiweka Waingereza kwao mwaka 1967 walipoanza kuwapulizisha madereva kipimo. Ukizidi, una kosa, ijapokuwa unaweza kusoma gazeti hili kwa sauti bila kukwama.

Na kwa dereva wa gari la biashara au la abiria, kiwango ni sifuri.

Twaomba wasomaji wetu waliosimama wakati wakisoma waketi kidogo hapa. Mzee wetu wa chupa tano, mwenye miligramu 50 alfajiri, angekuwa na motokaa yake mwenyewe akienda kumsalimu mjomba, asingekuwa amezidi kiwango cha kifungu cha 45. Lakini yu ndani ya lori la mizigo. Kwake 50 ni kosa, 20 ni kosa, na masalio ya saa mbili asubuhi ni kosa. Hiyo ndiyo maana twasema ulevi wa asubuhi ni jambo la wafanyakazi kuliko la matajiri: sheria imemwekea mkali zaidi yule ambaye usukani ndio jembe lake. Wala hatuoni kwamba imemwonea. Mwenye motokaa hubeba nafsi yake na ya watu wachache, na dereva wa basi ana roho 60 nyuma ya kiti chake ambazo hazikuulizwa jana alikuwa wapi.

Askari wa usalama barabarani ana mamlaka ya kumtaka dereva apulize kipimo cha ulevi, na kukataa bila sababu ya haki si kimbilio, bali ni kosa lingine. Jirani zetu wa Kenya walipata somo lao katika jambo hili. Walianza kukitumia kipimo kwa nguvu mnamo Desemba 2013, watu wakakamatwa kwa mamia, wenye mabaa wakaenda mahakamani, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikasema kanuni zilizotumika hazikupatana na sheria mama. Wako walioshangilia kana kwamba mahakama imeruhusu ulevi. Mahakama haikusema hivyo hata kidogo. Ilisema serikali iandike kanuni zake vizuri. Twalitaja hili kwa sababu tumewasikia vijana wetu wakitumia habari ile ya Nairobi kama hoja katika kituo cha mabasi cha Kahama, na hoja ya Nairobi haimwokoi mtu Shinyanga.

Adhabu yaweza kuwa faini, au kifungo, au vyote viwili, na mahakama ina uwezo wa kumfutia mtu leseni. Wengi huogopa kifungo na kuidharau leseni. Sisi twaona kinyume chake kwa mfanyakazi. Faini hulipwa na ndugu wakichangishana. Lakini dereva aliyepokonywa leseni ni kama fundi seremala aliyekatwa mikono, na watoto wake hula nini miaka hiyo? Na kama mtu amekufa, shitaka hupanda na kuwa la kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari, na hapo kileo kilichokutwa katika damu huwa ndicho shahidi mkuu, shahidi asiyehongeka na asiyesahau.

Ipo pia habari ya bima, nayo haisemwi sana. Kila gari barabarani lapaswa kuwa na bima ya kuwalinda watu wengine, ile tuiitayo bima ndogo. Wenye uwezo huongeza bima kubwa inayolinda gari lenyewe. Mikataba mingi ya bima kubwa ina sharti moja katika kurasa zile zenye maandishi madogo: dereva akiwa amelewa, kampuni hailipi gari. Mtu aliyekopa benki kununua lori la pili, akaliona limelala tumbo juu katika korongo, hugundua siku hiyo kwamba chupa za dereva wake zimekunywa lori zima. Mkopo wabaki. Na kama lori lilikuwa kazini mwake, waliojeruhiwa wana haki ya kumdai yeye mwenye gari pamoja na dereva wake.

Twarudi sasa kwa wafanyakazi wa migodini, maana kwao tumeona jambo la kutufundisha. Katika migodi mikubwa mfanyakazi hupulizishwa kipimo langoni. Hakuna cheo kinachomwokoa mtu: mpishi, mhandisi na mwendesha mtambo wote hupuliza. Mwenye masalio ya jana hurudishwa, na habari yake huandikwa. Kwa ajili hiyo mfanyakazi wa mgodi huijua hesabu tuliyoieleza hapo juu kuliko daktari. Fundi mmoja alitwambia kwamba akiingia zamu ya asubuhi Jumatatu, bia yake ya mwisho ni ya Jumapili mchana, wala hakuna rafiki awezaye kumshawishi. Tukamwuliza Jumamosi je, akienda harusini kwa pikipiki yake? Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa unyofu, "Jumamosi hakuna lango."

Hakuna lango. Mtu yule yule, mwenye ini lile lile na akili ile ile, hujihesabia saa kwa uangalifu ili asipoteze kazi, na huacha kuhesabu pale anapoweza kupoteza shingo yake na ya mkewe aliyeketi nyuma. Hatusemi haya kwa kumsuta. Twasema kwamba watu wetu si wajinga wala si wakaidi. Wakijua kwamba watapimwa bila upendeleo, hujipima wenyewe kwanza. Na tukiwa tungali langoni, tuwakumbushe wafanyakazi haki yao: kipimo kilichoonyesha kileo hakimpi mwajiri ruhusa ya kumfukuza mtu papo hapo kama mbwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataka sababu ya haki na utaratibu wa haki, yaani mtu aelezwe kosa lake, asikilizwe, awe na mwenziwe au kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Asikubali kutia saini karatasi asiyoisoma.

Lakini barabarani lango litatoka wapi? Mabasi yana vituo, na askari wakitaka waweza kuwapima madereva kabla basi halijatoka, kama wafanyavyo mara kwa mara. Malori yaliyolala safu kando ya barabara hayana kituo wala mlango. Hapo lawama haimwishii dereva. Tulipomwonyesha mzee wetu hesabu ile juu ya karatasi, aliisoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri. Hakubisha. Alisema tu, "Tajiri wangu hahesabu saa hizo. Yeye ahesabu safari." Madereva wengi hulipwa posho kwa safari, na aliyefika Rusumo kesho hupata kuliko aliyefika kesho kutwa. Mtu wa namna hiyo hawezi kuambiwa ndiyo kwanza alale mpaka saa tatu asubuhi, kwa kuwa kulala kwake kwakatwa katika chakula cha watoto wake. Akinywa ana kosa, na hilo hatulifuti. Walakini tajiri aliyepanga malipo kwa namna ya kumfanya dereva asithubutu kusema "leo sifai kuendesha" naye ana sehemu yake, hata kama yeye mwenyewe hajaonja pombe maishani mwake.

Serikali ilipoondoa viroba sokoni kuanzia tarehe 1 Machi 2017, wapo walionung'unika kwamba maskini amenyimwa kinywaji chake. Sisi tuliona faida moja ambayo haikusemwa sana: kiroba kilikuwa pombe kali inayokaa mfukoni mwa shati, na kijana wa bodaboda aliweza kukifyonza kati ya abiria mmoja na mwingine bila kushuka juu ya pikipiki. Hilo limepungua. Hata hivyo bodaboda wengi wa Kahama wangali wakidhani habari ya viwango ni ya malori na mabasi. Pikipiki ni chombo cha moto mbele ya sheria, na abiria alipaye nauli hana bati la kumkinga. Hatuoni kwa sababu gani kijana huyo ajione yu nje ya hesabu ya sifuri. Abiria nao wana la kujibu. Mtu atoka kilabuni saa saba usiku, amwona mwenye pikipiki macho yakiwa mekundu, na bado apanda kwa kuwa nauli imepungua shilingi mia tano.

Kuhusu lango la malori, twatoa shauri moja, nalo si geni. Vipimo vidogo vya mkononi hupatikana, na bei ya kimoja haifiki bei ya tairi moja la lori. Wenye malori na vyama vya madereva waweza kukiweka kimoja pale Isaka na kingine pale malori yalalapo Kahama, kishikwe na dereva mwenzao waliyemchagua, si askari, na kila mtu apulize kabla ya kuwasha injini. Atakayekutwa na masalio asipelekwe polisi wala asikatwe posho. Alale tu mpaka ini limalize kazi, na saa zile zihesabiwe kuwa ni za safari. Tajiri atasema ni hasara. Tumemfanyia hesabu: kwa dereva wa chupa tano hasara yenyewe ni saa tatu na nusu, tangu saa kumi na moja alfajiri mpaka saa mbili na nusu, nayo ni pungufu ya muda ambao lori lake hulala likingoja karatasi mpakani.